Tauriel wa The Hobbit: tatizo si kwamba alibuniwa, tatizo ni alichomnyang'anya Kili

Mwanakitabu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna ubishi wa miaka mingi kati yetu tuliosoma kitabu na wenzetu walioanzia kwenye muvi, na kila ukifufuka jina ni lile lile: Tauriel. Kwa ambaye hajafuatilia, ni yule dada wa nywele nyekundu, mkuu wa walinzi wa mfalme wa maelfi kule msitu wa Mirkwood, aliyeigizwa na Evangeline Lilly kwenye filamu ya pili na ya tatu za The Hobbit, 2013 na 2014. Chukua kitabu cha Tolkien cha mwaka 1937, kipekue sura zote 19, humkuti. Alitungwa na Peter Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens.

Wanaompinga husema hayumo kitabuni, kwa hiyo hakustahili kuwepo, mjadala umefungwa. Wanaomtetea husema ukimpinga wewe una shida na wanawake, mjadala umefungwa vilevile. Mimi nataka kuufungua.

Kwanza tukubaliane kwamba waliomtunga hawakuwa wamerukwa na akili. Kitabu kina vibeti 13 wanaokwenda kukomboa mlima wao kutoka kwa joka, hobiti mmoja (kiumbe mdogo wa kukaa nyumbani, Bilbo) na mchawi mmoja (Gandalf), wote wanaume. Mwanamke anayetajwa kwa jina ni mama yake Bilbo, Belladonna Took, naye anatajwa tu, hatumwoni. Kwenye ukurasa hilo linapita bila kuumiza, kwa sababu msimulizi wa Tolkien anaongea kama babu anayehadithia wajukuu kabla ya kulala, na sauti yake peke yake inatosha kukushika. Kwenye skrini sauti hiyo haipo. Unabaki na ndevu 13 kwa karibu saa nane, maana filamu zote tatu kwa matoleo ya sinema ni dakika 474.

Halafu kuna sheria. Tolkien aliuza haki za kutengeneza filamu za The Hobbit na The Lord of the Rings mwaka 1969. The Silmarillion, kitabu chake cha hadithi za kale za maelfi, ilitoka 1977, miaka minne baada ya kifo chake, na haikuwamo kwenye mauzo yale. Kwa hiyo wale wanawake wazito wa kielfi waliojaa mle, akina Jackson hawakuwa na ruhusa ya kuwagusa. Galadriel walimpata kwa sababu yumo kwenye The Lord of the Rings. Zaidi ya hapo ilibidi watunge.

Na walipotunga walitafuta kiti kitupu, hapa nawavulia kofia. Sura ya 9 mnaikumbuka: Bilbo anafanikiwa kuwatorosha vibeti gerezani kwa mfalme kwa sababu mkuu wa walinzi amekunywa divai na mtunza vinywaji wa mfalme mpaka wamelala fofofo, na funguo ziko kiunoni. Huyo mkuu wa walinzi hana jina wala sura. Kazi yake yote kitabuni ni kulewa. Ukimpa Tauriel cheo chake umemnyang'anya mtu asiye na cha kupoteza.

Kisha wakampa swali la kubeba. Mfalme Thranduil anataka afunge milango yake, ya nje yawe ya nje. Tauriel anamwambia kwamba buibui hawa tunawaua humu lakini chimbuko lao liko kwingine, na tukiwafukuza tu wataenda kuvamia nchi za wengine. Mfalme anajibu kwamba nchi za wengine hazimhusu. Mtoe Tauriel pale, na Mirkwood ya filamu inabaki mfalme mwenye kiburi na gereza lake, basi.

Sasa njoo kwa Kili. Kitabuni vibeti wawili ndugu, Fili na Kili, wanakufa pamoja vitani wakimkinga kiongozi wao Thorin kwa ngao na miili yao, kwa sababu Thorin ni mjomba wao, kaka mkubwa wa mama yao. Tolkien anaitaja habari hiyo kwa ufupi mno, lakini sisi huku tunajua mjomba ni nani, hatuhitaji maelezo. Kwenye filamu Fili, akiwa peke yake, anauawa na Azog, mkuu wa maorki. Kili anauawa na Bolg, orki mwingine, akijaribu kumwokoa Tauriel. Thorin anakufa kwenye barafu akipambana na Azog. Vifo vitatu vilivyofungwa pamoja kwa undugu vimetawanywa pembe tatu za mlima, na sababu ya Kili kufa imehamishwa kutoka kwa mjomba wake kwenda kwa binti aliyezungumza naye kupitia nondo za gereza.

Deni langu kwa Tauriel ni hilo tu. Mhusika mpya lazima achukue kitu kutoka kwa mtu, kwa sababu muda wa filamu na mwisho wa hadithi havitanuki kwa ajili yake. Alipochukua cheo cha mlevi asiye na jina, hadithi ilinufaika. Alipochukua kifo cha Kili, kijana wa watu alikufa maskini kuliko alivyokufa kitabuni.

Lilly mwenyewe amesimulia kwenye mahojiano kwamba alikubali kazi kwa sharti la kutokuwekwa kwenye mapenzi ya watu watatu, na kwamba aliporudishwa kupiga picha za nyongeza mwaka 2012 akakuta Legolas, mwana wa mfalme, na Kili wote wameshaandikiwa kumpenda. Mwaka huohuo filamu mbili zilizopangwa ziligeuzwa kuwa tatu. Unganisheni wenyewe.

Swali: ungekuwa umekaa meza moja na wale waandishi, ungemtoa, ungemwacha, au ungegusa wapi?

kibanda_umiza_classic

Mkuu, sisi tuliomwona kibandani hatukuwa na hizo habari za kitabu. Muvi ilikuja na sauti ya DJ juu yake, na kibandani DJ ndiye mwandishi wa mwisho. Tauriel alipotokea akiua buibui kwa kisu, watu walipiga miluzi mpaka mwenye banda akatutishia kuzima. Hakuna aliyeuliza kama yumo kwenye maandishi.

Ila niseme ukweli, filamu ya tatu ilipofika mwisho, yule dada amekaa na maiti analia, halafu kamera ikaondoka na haikurudi. DJ alikaa kimya kidogo, kisha akatutungia: eti alirudi msituni, akakataa kuolewa, akawa mganga wa watoto yatima. Tuliridhika tukaondoka. Leo ndiyo nasoma hapa kwamba waliomtunga wenyewe hawakumpa mwisho.

Mzee wa Kurasa

Kijana, mada imesimama, lakini unawahurumia mno hao watunga filamu.

Tolkien aliwahi kuletewa muhtasari wa skripti. Mwaka 1958, mtu aitwaye Morton Grady Zimmerman aliandaa mpango wa filamu ya The Lord of the Rings, na mzee akaupitia kipengele kwa kipengele kwenye barua ndefu ambayo imechapishwa. Wengi hudhani alikuwa mbishi asiyetaka kitabu chake kiguswe hata koma. Sivyo. Kukata alikubali, hata sehemu nzima nzima. Alichokipinga ni kutia chumvi, na kuingiza vitu visivyohitajika, na alisema chanzo cha makosa hayo ni mwandishi wa filamu kutoona kiini cha hadithi kiko wapi. Aliongeza kwamba kanuni za usimulizi haziwezi kutofautiana kabisa kati ya kitabu na filamu, kwa hiyo ile kinga ya kila siku ya kwamba eti "filamu ni kitu kingine" haikumtikisa.

Nawe mleta mada hesabu yako ya nani kamnyang'anya nani ina shimo. Watu hawahawa, kwenye The Lord of the Rings ya mwaka 2001, walimchukua Arwen, binti wa kielfi, wakampa safari ya kumpeleka Frodo, hobiti mrithi wa Bilbo, mtoni, kazi ambayo kitabuni inaanza na Glorfindel, elfi mwingine. Kila mtu anasema aliyeumia ni Glorfindel. Hapana. Kitabuni Frodo anavuka kivuko peke yake juu ya farasi wa Glorfindel, akiwa na jeraha, anageuka, anachomoa upanga na kuwaambia wale Wapanda Farasi Weusi kwamba hawatampata. Ni hobiti mgonjwa anayewakatalia tisa. Kwenye filamu amelala hoi kifuani kwa Arwen na Arwen ndiye anayechomoa upanga. Arwen yumo kitabuni, si wa kubuniwa, na bado kamnyang'anya Frodo saa yake kubwa kuliko zote kabla ya kufika Rivendell, makao ya maelfi. Kwa hiyo tatizo si mhusika mpya wala wa zamani. Tatizo ni watu kutojua kiini kiko wapi.

Mwanakitabu

Mzee, shikamoo. Hiyo ya Frodo naichukua kama ilivyo, na kwangu inaitia nguvu hesabu yangu badala ya kuitoboa. Nimesema angalia nani kapoteza. Umenionyesha aliyepoteza ambaye watu hawamtazami kwa sababu wote wanamlilia Glorfindel.

Binti wa Tanga

Jamani, mmeanza kumgawana Tauriel kama mirathi na hakuna aliyemuuliza msichana aliyesoma kile kitabu.

Nilikisoma nikiwa sekondari, nakala ya maktaba isiyo na jalada. Nilikipenda. Lakini nilikuwa najipachika kwa Bilbo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kujipachika, na wasichana tumezoea kujipachika kwa wanaume vitabuni, hatufi. Nilipomwona Tauriel anamwambia mfalme wake kwamba hatuwezi kujifungia ndani huku jirani anateketea, nilikaa vizuri kwenye kiti. Huyo sikuhitaji awe kitabuni.

Kwa hiyo Mzee wangu wa Kurasa, ukisema kiini, kiini cha nani? Hadithi ya The Hobbit ni ya mtu wa kukaa nyumbani anayelazimika kujua kwamba mambo ya nje yanamhusu. Tauriel anawauliza maelfi jambo hilohilo ambalo Gandalf alimuuliza Bilbo sura ya kwanza. Kama huko si kukiona kiini, basi sijui.

Kilichoniudhi ni pale wanaume wawili walipotokea na akasahau swali lake. Filamu ya tatu inaanza, haulizi tena kuhusu nchi za wengine, anaangalia jiwe alilopewa na Kili. Anapomwelekezea mfalme mshale kumzuia asiondoke vitani, ile ilikuwa nafasi ya swali kurudi kwa kishindo. Badala yake mfalme anamjibu kuhusu mapenzi: kwamba hana analolijua kuhusu kupenda. Wakaukata upinde wake vipande viwili na hoja yake nayo ikakatika palepale.

fundi_skripti

Nimekuwa nikisoma kimya, ngoja nichangie kwa upande wa jikoni, maana kazi yangu ni kuandika tamthilia na nimeshakaa kwenye vikao vya kugeuza kitabu kuwa filamu.

Mnachokiita "kubuni mhusika" mara nyingi si ubunifu, ni ufundi bomba. Unasoma kitabu unakuta mahali panavuja: jambo kubwa linatokea na hakuna mtu wa kulitendea, au msimulizi anatuambia kitu ambacho kamera haiwezi kukipiga. Unatafuta mtu wa kuziba. Swali la kwanza mezani ni je, akiingia huyu, ni onyesho gani linawezekana ambalo jana halikuwezekana? Swali la pili, na hili ndilo linaloua watu, ni atatokaje. Kitabu kina mwisho wake na mashabiki wanaujua. Huyu mgeni hayumo kwenye mwisho ule. Kama hujajua mlango wake wa kutokea kabla hujampa jina, usimpe jina.

Mfano wa kazi safi wanao hao hao. Lurtz, yule Uruk-hai (askari wa adui) mkubwa mwenye alama ya mkono mweupe usoni kwenye filamu ya 2001, aliyeigizwa na Lawrence Makoare. Kitabuni hayupo. Kitabuni hata pambano la mwisho la Boromir, mmoja wa wasafiri wenzake Frodo, hatulioni: The Two Towers, juzuu ya pili, inafunguka, mwenzake Aragorn anakimbia kuelekea sauti ya pembe, anamkuta Boromir ameegemea mti na mishale mwilini, wauaji wameshaondoka. Kwenye kurasa inatisha kwa sababu ya ukimya wake. Kwenye filamu ukifanya hivyo, mtu muhimu amekufa nyuma ya pazia na Aragorn hana wa kumkabili. Lurtz anaziba. Anazaliwa tunamwona, anatumwa, anampiga Boromir mshale wa kwanza, wa pili, wa tatu, anakatwa kichwa, kwisha. Boromir hakupoteza chochote: bado anakufa akiwalinda mahobiti Merry na Pippin, bado anaungama kwa Aragorn. Kaongezewa, hakupunguziwa.

Ukimweka Tauriel kando ya Lurtz, kosa utaliona kwenye swali la pili. Mlango wa kutokea hana. Hawezi kuolewa na Kili, Kili anakufa. Hawezi kwenda na Legolas, kwa sababu Legolas wa The Lord of the Rings hana kumbukumbu ya dada yeyote. Hawezi kurudi kazini, amefukuzwa. Wakampa maiti ya kulilia na kamera ikaondoka, kama alivyosema jamaa wa kibandani.

Mhesabu Miaka

Kuongezea hapo kwa Legolas, maana naye hayumo kwenye kitabu cha The Hobbit, ingawa ni mtoto wa huyo mfalme kwa hiyo kuwepo kwake nyumbani kwao hakuna ajabu. Yeye mlango walimtafutia: baba yake anamwambia aende kaskazini akamtafute kijana mmoja mlinzi wa nyikani anayeitwa Strider, ambaye ndiye Aragorn.

Mashabiki walipiga kelele kwamba kwa kalenda ya Tolkien safari ya Bilbo ni mwaka 2941 wa Enzi ya Tatu na Aragorn kazaliwa 2931, kwa hiyo Legolas anatumwa kumtafuta mtoto wa miaka kumi anayelelewa Rivendell. Kwa kalenda ya kitabu wako sahihi. Lakini filamu zina kalenda yake. Filamu ziliifuta ile miaka 17 kati ya sherehe ya Bilbo na Frodo kuondoka. Aragorn wa filamu anamwambia Éowyn ana miaka 87, kwenye toleo refu la filamu ya 2002. Toa miaka 60 tangu safari ya Bilbo, unapata 27. Strider huyo hapo, mtu mzima na upanga wake.

Kwa hiyo hesabu walijua kuzipiga walipotaka. Kwa Tauriel hawakutaka.

Mombasa_Reader

Wee Mhesabu, nimecheka. Kweli kwa Legolas wamepiga hesabu hadi ya miaka, kwa dada wa watu hata nauli ya kurudi nyumbani hakupewa.

Binti wa Tanga

🙌🏾

chumba_cha_giza

Mnabishana kana kwamba Tauriel ndiye mwanamke wa kwanza kuingizwa kwa nguvu kwenye The Hobbit. Si wa kwanza.

Miaka ya 1960 Gene Deitch, Mmarekani mchora katuni aliyekuwa akifanya kazi Prague, alitengeneza The Hobbit fupi ya dakika kama 12. Kisa chake amekisimulia mwenyewe: bosi wake, William Snyder, alikuwa na haki za filamu zilizokaribia kuisha muda, na mkataba ulimtaka awe ametoa filamu ya rangi, haukusema iwe na urefu gani. Wakakimbizana na tarehe, michoro ambayo karibu haitembei, ikaonyeshwa, mkataba ukatimia. Sasa ndani yake kuna binti mfalme, anaitwa Mika. Hayumo kitabuni. Wanasafiri naye kwenda kupambana na joka, na mwishoni Bilbo anamuoa.

Bilbo! Mtu ambaye Tolkien alimwacha kapera maisha yake yote, na ukapera wake ndio unaofanya amrithishe Frodo nyumba na pete. Ukimuozesha Bilbo umefuta The Lord of the Rings yote. Kwa hesabu ya mleta mada, Mika kamnyang'anya Frodo urithi. Tauriel ni malaika.

Mzee wa Kurasa

Huyo Mika sikumjua, nimemtafuta nimemwona. Sina la kusema. Hata vibeti wamefutwa, kumebaki watu watatu wanne.

dada_sinema

Kuna mfano ambao nadhani unavuruga kanuni zenu zote, The Wizard of Oz ya 1939. Kwenye kitabu cha L. Frank Baum cha 1900, shamba la Kansas lina Dorothy, mjomba Henry, shangazi Em na mbwa Toto. Filamu ikaongeza vibarua watatu wa shamba, Hunk, Zeke na Hickory, na yule mama mkorofi Miss Gulch anayetaka kumchukua mbwa. Waigizaji wa vibarua ndio haohao wanaokuja kuwa Scarecrow, Simba na Tin Man, wenzake Dorothy huko Oz, na Miss Gulch ndiye anayekuja kuwa mchawi.

Kwa kipimo cha fundi_skripti wamefaulu yote. Maonyesho mapya yapo, mlango wa kutokea upo, wanarudi kitandani kwa Dorothy wakicheka. Kwa kipimo cha mleta mada, hakuna mhusika wa Baum aliyepunguziwa kitu. Lakini angalieni kilichopotea. Ukishawaona vibarua wenye sura zilezile, maana yake Oz ilikuwa ndoto. Kwa Baum Oz ni nchi kweli. Dorothy anaenda kweli, anarudi kweli, na kwenye kitabu cha 1910 anawahamishia huko Henry na Em kwa sababu benki inataka kuwanyang'anya shamba. Wahusika wapya wanne, wanaopendwa na kila mtu, wamekula nchi nzima, na hakuna anayelalamika!

Mimi naipenda ile filamu kupindukia. Ndiyo maana nasema hesabu ya kunyang'anya ni ya kweli lakini haiamui kama filamu ni nzuri. Unaweza kuchukua kitu kikubwa ukasamehewa, kama ulichorudisha kinakitosha. Ile ndoto ilirudisha kitu: mtoto anayegundua kwamba watu aliowadharau nyumbani ndio mashujaa wake. Tauriel na Kili walirudisha nini? Mazungumzo mazuri ya nyota kwenye gereza, naam, dakika nzuri sana zile. Haziwezi kulipia vifo vya ndugu wawili.

Mwanakitabu

dada_sinema, hii nimeisoma mara mbili. Kwamba unaweza kuchukua mradi unarudisha, nakubali. Lakini basi mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwandishi, na kadiri alichochukua kilivyo cha thamani ndivyo inavyombidi alete kikubwa. Pale gerezani Kili anamsimulia mwezi mwekundu aliouona safarini, na Tauriel anamsimulia nyota. Hapo walikuwa na kitu. Viumbe wawili ambao watu wao wanachukiana wanaelezana walichokiona angani. Wangeishia hapo ningewasifu mpaka leo.

Na kabla sijasahau: nani alimwagiza Alfrid? Yule kibaraka wa bwana mkubwa wa mji wa Lake-town, naye wa kubuniwa, anachekesha kwa nguvu, anavaa gauni lenye sarafu kifuani, anatoweka. Kwenye toleo refu wakakumbuka kumuua. Dakika zake mngempa Bombur aongee hata neno moja.

fundi_skripti

Alfrid tumwache, kila skripti ndefu ina Alfrid wake. Ni mtu aliyewekwa kupumzisha watazamaji na hakuna aliyekumbuka kumfuta.

Turudi kwenye swali la mada: ungegusa wapi. Mimi nisingemtoa Tauriel. Nisingefuta hata mapenzi, ila yale ya Legolas ningeyafuta siku ya kwanza, maana hayabadilishi chochote. Legolas angemfuata nje ya malango hata kama ni rafiki tu. Baada ya hapo ningebadilisha onyesho moja: Tauriel anachelewa.

Anapanda Ravenhill, kilima cha pambano la mwisho, anapigana njiani, anafika juu, anawakuta wawili wamelala mbele ya mjomba wao, ngao zimevunjika. Hakumwona Kili akifa na Kili hakufa kwa ajili yake. Yule aliyemwambia mfalme kwamba vita vya wengine vinatuhusu anafika kwenye vita vya wengine na anakuta watu waliokufa kwa ajili ya damu yao, si kwa ajili yake. Kili anarudishiwa kifo chake. Fili anarudishiwa ndugu yake. Na mapenzi yanauma zaidi, kwa sababu hata heshima ya kufiwa rasmi hana, yeye si mke, si ndugu, si wa taifa lao. Atasimama pembeni msibani kama mgeni.

Binti wa Tanga

Eeh hapo sasa. Na mlango wa kutokea umeupata: mfalme anafika, anaona maiti, na Tauriel anamuuliza lile swali lake la mwanzo kwa mara ya pili. Safari hii mfalme hana jibu. Basi, anaondoka zake kuelekea zile nchi za wengine alizokuwa akizisema. The Lord of the Rings haimtaji kwa sababu alikwenda kwingine, dunia ile ni kubwa.

kibanda_umiza_classic

Mganga wa watoto yatima, DJ alishasema 😂

Mhesabu Miaka

Swali dogo fundi. Kama Tauriel amechelewa, Bolg anauawa na nani? Kwenye filamu Kili kafa mkononi mwake, Tauriel akajirusha naye toka juu, halafu Legolas ndiye aliyemmaliza. Yaani hata kisasi chake mwenyewe dada wa watu hakupewa.

fundi_skripti

Mwachie Tauriel. Apate angalau hicho.

Mzee wa Kurasa

Hapana. Nimekaa nawasikiliza, pendekezo la kuchelewa ni zuri na nalikubali, nisingedhani ningesema hivyo kuhusu huyo binti. Lakini Bolg ana mwenyewe. Kitabuni anayemuua ni Beorn, anakuja vitani kwa umbo la dubu, anambeba Thorin aliyejeruhiwa anamtoa katikati ya maadui, kisha anarudi na kumponda Bolg. Kwenye filamu ya tatu kwenye toleo la sinema mmemwona Beorn sekunde ngapi? Anadondoka kutoka mgongoni kwa tai, basi. Mmeshamrudishia Kili kifo chake. Rudisheni na dubu.